Mwito wa Mwisho kwa Namba Saba

Arvo Kettunen hakuwa akiitika redio mpaka aitwe mara ya tatu. Alisema mara ya kwanza mtu anajaribu tu kama redio inafanya kazi. Mara ya pili anajaribu kama wewe unafanya kazi. Mara ya tatu ndipo ana shida ya kweli.

Bernadette Thibault, aliyekaa kwenye redio ya gereji yetu pale mjini Tamarack tangu nikiwa sina mvi hata moja, alimwita hivyo kila siku, na kila siku alimkemea.

"Namba saba. Namba saba, uko wapi? Arvo Kettunen, nikija huko nitakuvuta wewe niliache gari!"

"Nipo, Bernadette wangu. Nilikuwa natafuna."

Kazi yetu ni kuvuta magari. Theluji ikianguka watu huingia mitaroni, nasi huwatoa. Kila dereva ana namba yake, na redio zetu zote husikia sauti moja, kwa hiyo ugomvi wa wale wawili ulikuwa starehe yetu barabarani. Arvo alikuwa mzee kuliko sisi sote. Angeweza kupumzika zamani, lakini alisema akikaa nyumbani mkewe Hilkka atambunia kazi.

Akichelewa kupita kiasi, aliokolewa na Armand Gagnon, namba nne, mtu wa mdomo mrefu na moyo mzuri. Bernadette akianza kupandisha sauti, Armand alidakia: "Namba saba yuko nyuma yangu, anakuja." Mara nyingi wakati huo Arvo alikuwa kwenye sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, nyumbani kwa shemeji yake, na Armand mwenyewe bado yuko kitandani. Bernadette alijua. Sisi sote tulijua. Wateja walivutwa hata hivyo.

Mapema mwezi wa Desemba, mchana kweupe, Bernadette alimtuma Arvo kwenye kona ya Mto Mweusi, ambako gari la mwalimu mmoja lilikuwa limezimika kando ya barabara. Arvo alikuwa ameinama akifunga mnyororo lori lilipopita. Halikupunguza mwendo, wala halikusogea upande wa pili kama sheria inavyotaka. Nilipofika, Arvo alikuwa amekwisha kata roho, na kahawa kwenye chupa yake ilikuwa bado inatoa mvuke.

Sitasema mengi juu ya dereva wa lori. Sikuwa ndani ya lori lake.

Tangu siku hiyo Bernadette alikuja kazini kama kawaida, alichemsha kahawa, alipokea simu. Lakini ilipofika kumtuma mtu, alimpa simu mwenye gereji, Lorne Pritchard, akatazama dirishani. Neno "nenda" lilikuwa limemkwama kooni.

Lorne ni bwana mwema, ila hajui kutuma watu. Alimpeleka Armand na gari kubwa la kuvutia malori akavute pikipiki ya theluji. Alituma wawili wetu kwa bibi mmoja, tukakutana mlangoni pake kama wachumba, na huku padri alikaa mtaroni mpaka akatoka kwa miguu na kuja mwenyewe gerejini kuuliza kama tumeokoka.

"Lorne, bwana," Armand alimwambia, "wewe ulikuwa na kipaji cha kutia sahihi hundi. Rudi huko."

"Basi mwambieni Bernadette arudi kwenye redio!"

Bernadette alikuwa nyuma yake, amevaa koti. "Mazishi yakiisha nahamia Sudbury kwa dada yangu," alisema. "Anauza maua. Ua huliambii liende popote."

Hakuna aliyecheka. Tulitazamana, maana sote tuliona kitu kimoja: bila yule mwanamke tungekuwa watu wenye magari tu. Na yeye, nilivyomwona, bila ile redio angekuwa mtu anayenyausha maua ya dada yake.

Sasa, katika kazi yetu kuna desturi. Mwenzetu akifia kazini, madereva wa miji yote ya jirani huja na magari yao, wakawasha taa za manjano na kumsindikiza kwa mstari mmoja. Njiani, mtu wa redio humwita marehemu kwa namba yake mara tatu. Hakuna anayeitika. Kisha mtu wa redio husema kwamba fulani amemaliza zamu yake, na namba hiyo hapewi mtu mwingine tena. Huo ndio mwito wa mwisho. Wakati huo wote madereva hunyamaza kabisa.

Lorne alijitolea kuita. Hilkka akakataa, akaenda mwenyewe nyumbani kwa Bernadette. Nilimpeleka mimi, kwa hiyo nilikuwepo, nimesimama jikoni na kofia mkononi.

Hilkka ni Mfini wa maneno machache. Akikusalimia mara mbili kwa mwaka, jua anakupenda.

"Utamwita wewe," alisema.

"Hilkka, siwezi. Mwambie Lorne."

"Lorne atamtuma mume wangu kwenye makaburi ya mji mwingine."

Bernadette alifunika uso. "Mimi ndiye nilimtuma pale. Nilimwambia nenda, akaenda."

"Najua. Na mimi ndiye nilimwamsha asubuhi ile. Tukianza hivyo tutafika mpaka kwa mama yake aliyemzaa." Hilkka alivuta kiti, akakaa. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nikimwita alikuwa haitiki kabisa. Wewe angalau ulimpata mara ya tatu."

Bernadette alicheka, na kicheko kikamtoa machozi. Akasema ataita. Mara hiyo moja, halafu Sudbury.

Siku ya mazishi baridi ilikuwa ya kukatika pua. Magari yalikuja kutoka pande zote za ziwa la kwetu, mengine yamesafiri tangu alfajiri, yameoshwa yakang'aa kuliko siku yaliyonunuliwa. Jeneza tuliliweka juu ya gari la Arvo mwenyewe, tukalifunga kwa mikanda, na Armand akakagua kila fundo mara mbili mbili. "Mzee alikuwa hapendi mzigo unaocheza," alisema. Mimi nilipewa kuliendesha gari hilo. Hilkka alikaa pembeni yangu. Armand alitangulia mbele yetu, akiongoza msafara, na nyuma yetu taa za manjano zilifuatana mpaka kilima kikazimeza.

Tulipotoka nje ya mji redio ikakwaruza. Bernadette alikuwa gerejini, yeye na Lorne tu.

"Namba saba," alisema. Sauti ilikuwa kavu, ya kazi.

"Namba saba." Hapo sauti ilianza kuyumba. Hilkka alitazama mbele tu.

Mara ya tatu ilichelewa. Nilidhani ameshindwa. Kisha, nadhani bila kutaka, ile hasira yake ya siku zote ikapanda yenyewe: "Namba saba, uko wapi wewe?"

Na Armand, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisikia sauti ikipanda hivyo na mkono wake ukienda wenyewe, akabonyeza redio.

"Namba saba yuko nyuma yangu, anakuja."

Niliona taa za breki za Armand zikiwaka. Alikuwa amesikia alichokisema. Sote tulisimama nyuma yake, gari kwa gari, mpaka kule kilimani.

"Mungu wangu," Armand alisema redioni, amesahau kuachia kitufe. "Mungu wangu, Bernadette. Nisamehe. Neno limenitoka. Hilkka, nisamehe, mimi ni mbwa."

Nilimtazama Hilkka. Mabega yalikuwa yakitikisika. Nilitafuta kitambaa mfukoni, kumbe mama wa watu anacheka. Alichukua kipaza sauti cha redio yetu.

"Armand," alisema, "miaka yote hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza unasema kweli."

Sijui nani alianza baada ya hapo. Redio ilijaa vicheko vya wanaume wazima, wengine wa miji ambayo hata hawakumjua Arvo vizuri, na sauti ya Bernadette ikisikika juu yao, akilia na kumtukana Armand kwa Kifaransa kwa pamoja.

Tukaondoka tena. Mwito ulikuwa haujamalizika, lakini hakuna aliyejua umalizwe vipi.

Tulifika kona ya Mto Mweusi. Upande wa pili alikuwa anakuja mgeni mmoja ndani ya kigari chekundu. Alipoona jeneza na zile taa zisizokwisha, yule bwana, mwenye adabu zake, alivua kofia. Kwa bahati mbaya ilikuwa kofia ya masikio, ya kufunga kidevuni, akatumia mikono yote miwili. Kigari kikatuinamia, kikaingia mtaroni taratibu kabisa.

Hebu fikiri. Mtu ameingia mtaroni mbele ya magari yote ya kuvuta ya nusu ya mkoa.

"Namwona!" redio ililia. "Mimi niko karibu!"

"Karibu wapi, uko kilimani! Namba mbili hapa, mimi nina winchi mpya!"

"Winchi yako haing'oi hata karoti!"

Lorne akaingia redioni. "Tulieni! Nendeni... eh... nendeni wote!"

Na kweli, wengine walianza kutoka kwenye mstari, milango ikafunguka, watu wakashuka barabarani palepale kwenye kona. Nikatazama mbele. Chini kidogo, baada ya kona, lori lilikuwa linapanda.

"Lorne." Ilikuwa Bernadette. "Toa mkono wako hapo."

Redio ikatulia.

"Wote mlioshuka, rudini ndani. Sasa hivi. Namba mbili, pita mbele ya kona, ziba barabara yote, washa kila taa uliyo nayo. Namba tisa, ziba nyuma. Hakuna mguu unaogusa lami mpaka mniambie pande zote mbili zimefungwa."

Namba mbili alipita kwa kasi. Nililiona lile lori likipunguza mwendo, likasimama mbali, dereva wake ametoa kichwa nje.

"Mbele pamefungwa," alisema namba mbili.

"Nyuma pamefungwa," alisema namba tisa.

Halafu tukangoja. Armand alikuwa karibu kuliko wote, kulabu iko tayari, lakini hakusogea. Hata yeye, na mdomo ule, alijua kwamba hili halidakiwi. Hilkka alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Armand," alisema Bernadette. Tulisikia akivuta pumzi. "Nenda."

Armand akaenda. Alishuka upande wa mtaro, akafunga mnyororo, na kigari kikatoka kama jino la maziwa. Yule bwana alisimama ameshika kofia kifuani, akiuliza afanye nini kutushukuru. Armand alimwambia avae kofia, masikio yanaganda.

"Gari limetoka," Armand aliripoti. "Niko ndani. Mlango umefungwa."

"Nimesikia." Bernadette akasema kwa ile sauti yake ya kazi, bila kuyumba: "Namba saba, Arvo Kettunen, amemaliza zamu yake. Barabara ni yenu. Endesheni polepole."

Tulimzika. Baadaye wanawake wa kanisa walitupa kahawa ukumbini, na meza nzima ya keki. Bernadette hakuja. Theluji ilikuwa imeanza upya na simu zilikuwa zinalia, na kwenye redio ndogo ya Armand, aliyoiweka katikati ya vikombe, tulimsikia akituita, huyu barabara ya shule, yule daraja la reli, na kila aliyeitwa aliacha kipande chake cha keki akatoka.

Mwishowe tulibaki mimi, Hilkka na Lorne. Lorne aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna mtu amemsikia Bernadette akitaja Sudbury.

"Kula," Hilkka alimwambia, akimsogezea sahani. "Wewe hakuna atakayekuita."

Kisha redio ikataja namba yangu, nikavaa koti.