Kuganda kwa Mara ya Kumi na Moja

Kishale kilisimama katikati ya neno "mifugo". Rukaya akatikisa kipanya, wapi! Akabonyeza kitufe cha herufi kubwa; kale kataa ka kijani hakakuwaka. Kompyuta ilikuwa imeganda tena, na katiba ya kikundi cha wafugaji imekatikia ukurasa wa tatu.

"Imelala?" Mama Lea aliuliza bila kuinua mguu kwenye cherehani.

"Imeganda, Mama."

"Linux yako hiyo."

Wiki nzima Rukaya alikuwa akimeza neno hilo kama kwinini. Ni yeye aliyerudi na sidii ya Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, kutoka masomo ya jioni Korogwe, akaja kumbembeleza Mama Lea, mwenye kituo hiki cha ushonaji na uchapaji hapa Handeni, waitoe Windows iliyojaa virusi. Mwezi mzima mashine ilikwenda kama maji. Kisha ikaanza kuganda. Leo saa sita fundi Dunstan angekuja kuirudisha Windows, na kiti cha uchapaji kingekuwa cha Dunstan. Rukaya angerudi kuokota vipande vya vitambaa sakafuni.

Akafungua daftari, akaandika: *kumi, saa tatu na nusu, dakika arobaini tangu kuwashwa.* Alikuwa amejaribu kila kitu. Kumbukumbu ambazo mfumo hujiandikia ziliishia njiani kama mtu aliyezibwa mdomo. Vibao vya ram ndani ya mashine alivichomoa, akavisugua kwa kifutio, akavirudisha. Juzi aliiweka sipiyu, lile kasha la mashine, mezani ikiwa uchi, akaipima kwa saa tano mfululizo: hakuna kosa hata moja. Akaifunika, akaivika, ikaganda!

"Unataka nini wewe?" Akaipiga sipiyu kofi.

Mwanawe Mwantumu, aliyekuwa amelala mgongoni mwake, akashtuka na kulia. Rukaya akaona haya. Akamtikisa mtoto polepole, na mkono wake, kama vile kuomba radhi, ukabaki juu ya mashine. Akaugeuza, akagusa kwa mgongo wa kiganja, kama anavyomgusa Mwantumu akishikwa na homa.

Mashine ilikuwa inachemka.

Akaitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Sipiyu ilikuwa imevaa gauni. Mama Lea mwenyewe alilishona wiki iliyopita kwa kitambaa kizito cha pazia, kwa ajili ya vumbi la Handeni. Lina marinda, limefungwa kamba hadi nyuma, na kifuani limedariziwa *Kazi ni Uhai*. Kila mteja alilisifu.

*Mungu wangu. Nitamwambiaje?*

Akalifungua gauni, akaiwasha mashine, akaendelea kuchapa.

"Mbona umeivua? Na vumbi hili!"

"Naipima, Mama."

Dakika arobaini zikapita. Saa nzima. Saa moja na nusu, katiba ikaisha. Lakini Rukaya alimjua Mama Lea: asiyeona kwa macho yake haamini. Saa tano na nusu akaivika tena, akafunga kamba zote, na kwa mara ya kwanza akaiombea igande.

"Shikamoo Mama," Dunstan aliingia na mkoba wake.

"Marahaba, baba. Mgonjwa yule pale."

Dunstan akainama kwenye kioo, akatikisa kipanya. Kishale hakikujongea. "Si nilisema, dada? Vya bure hivi!"

"Kumi na moja," Rukaya akasema, akiandika. "Mama, naomba mkono wako."

"Wa nini?"

"Njoo tu, Mama."

Akauingiza mkono wa Mama Lea chini ya marinda, nyuma, kwenye matundu ya feni. Mama akauchomoa upesi. "Yesu! Kama pasi ya mkaa!"

"Ikiwa uchi haigandi. Ikivaa, inakosa hewa."

Mama Lea akalitazama gauni, akapitisha kidole juu ya *Uhai*. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni joto, Mama."

Dunstan akacheka. Mama Lea akamgeukia. "Unacheka nini? Wewe si fundi? Mara mbili umekuja hapa, uliigusa?"

Dunstan akaanza kukunja waya zake.

Mama Lea akachukua mkasi na kipande cha chaki, akapiga magoti nyuma ya mashine, miwani puani.

"Haya, mchapaji," akamwambia Rukaya. "Nionyeshe inapumulia wapi, nikate."