Mashahidi Wanne wa Mibuni ya Tabita

Alhamisi ya kwanza baada ya Pasaka, mwaka 1951, saa tisa alasiri, Mwalimu Fanueli alichora mistari mitatu kwenye ubao wa shule ya misheni kule Hasamba, akapata safu nne. Juu ya safu hizo aliandika Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima kumi na wanne, waliotoka shambani moja kwa moja na udongo wao miguuni, na kazi yao ilikuwa kutazama jinsi kila mwandishi alivyolisimulia jambo lilelile. Tabita alikaa benchi la mbele. Zamani hakuwa mtu wa kukaa mbele, lakini mjane aliyenyang'anywa shamba ana haya gani tena?

Shamba lenyewe lilikuwa la mibuni mia mbili. Mumewe, Ambilikile, alikufa kwa kichomi mwezi wa pili, na kabla ya kufa alitamka mbele ya watu wanne kwamba mibuni yote ni ya Tabita, kwa kuwa Tabita ndiye aliyeibeba miche kichwani kutoka kitaluni na kuimwagilia kwa kibuyu kiangazi kizima. Kwa desturi ya huko, ndugu wa marehemu humrithi mjane pamoja na shamba. Osea, kaka yake Ambilikile na mzee wa kanisa, alisimama akasema Mkristo harithi mjane, na watu wakamsifu sana. Kuhusu mibuni alisema Kanisa halikukataza kitu.

Kesi ilikwenda kwenye baraza la wazee wa kanisa, ambalo Osea mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ndiyo ile kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Baraza la Hasamba lina utaratibu wake: shahidi huitwa peke yake, wenzake wakisubiri kule kwenye tanuri la matofali wasikosikia neno. Anyitike, jirani, akasema marehemu alikuwa amelala na ilikuwa jioni. Leah mkunga akasema alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, na maneno aliyasema mara mbili. Yonasi, mchuuzi wa Tunduma, akasema, "Mukwai, wazee wangu waheshimiwa, mimi nilikuwa mlangoni, mvua inaninyeshea mgongoni." Enesi, aliyekuwa akipika uji uani, akasema siku hiyo halikudondoka hata tone. Wote wanne walisema mibuni ni ya Tabita. Mashahidi waongo wangekaa kwanza wakapanga, lakini hawa walikuwa wakweli na hawakupanga lolote. Mzee Nikodemo, mwenyekiti, akatamka kwamba mashahidi hawapatani, hivyo mibuni ni ya Osea, na Mwalimu Fanueli, aliyekuwa karani wa baraza, akaandika hivyo kwa mwandiko wake mzuri.

Basi Alhamisi ile ya kwanza darasa lilisoma habari za kuingia Yerusalemu. Mathayo ana punda na mwanapunda, na wale watatu kila mmoja ana mwanapunda wake. Walipotoka nje walikuta punda watano wamesimama uwanjani wakila mahindi ya shule. Hasamba haikuwa na punda. Mwalimu aliwahesabu, akarudi ndani, akaandika tano chini ya ubao, na kuanzia kesho yake wakatumika kubeba maji.

Alhamisi ya pili walisoma habari za vipofu wa Yeriko. Jioni hiyo kipofu mmoja alikuwa amekaa upande wa kuingilia kijijini, kama Luka anavyosema, na watatu upande wa kutokea, wawili wa Mathayo na mmoja wa Marko. Akina mama waliwapelekea uji. Yule wa Luka alilalamika kwamba umepoa, maana ndiye aliyekuwa mbali na jiko.

"Mwalimu," Tabita aliuliza, "katika hawa wanne, mwongo ni yupi?"

"Hakuna mwongo, mama," Fanueli alijibu, akafurahi kuulizwa. "Kila mmoja alisimama mahali pake. Wangefanana neno kwa neno, tungejua wamenakiliana. Kutofautiana kwao ndiko kunakotufanya tuwaamini."

Tabita alimtazama mpaka mwalimu akageuka kufuta ubao, ingawa ubao ulikuwa bado unahitajika.

Alhamisi ya tatu walisoma habari za kaburi. Mwalimu alijaza safu zake taratibu: hapa wanawake wawili, hapa watatu, hapa wengi, hapa mmoja, hapa malaika mmoja, hapa kijana mmoja, hapa watu wawili, hapa malaika wawili. Kabla hajamaliza kujumlisha, mlinzi wa kanisa alikuja mlangoni akasema makaburini kuna wageni sita wenye nguo nyeupe. Wakaenda. Mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe. Mmoja alikuwa amekaa ndani ya kaburi upande wa kulia, wawili wamesimama, na wawili wamekaa, huyu kichwani na huyu miguuni. Lilikuwa kaburi la Ambilikile, nalo lilikuwa tupu.

"Amekwenda nyumbani," alisema yule wa juu ya jiwe. "Ana njaa."

Tabita alimkuta mumewe jikoni, amefunua chungu cha maharage. Alikuwa amekonda kidogo na nywele zake zilikuwa na udongo. Tabita alimsongea ugali, akakaa kumtazama akila. Moyo ulimjaa furaha, na juu ya furaha hiyo hasira. Alimsimulia habari ya shamba tangu mwanzo hadi mwisho.

"Lakini nilisema," alisema Ambilikile.

"Ulisema. Nenda kaseme tena."

Osea alipopata habari alimkumbatia ndugu yake akalia machozi ya kweli, kisha akachinja mbuzi. Jumamosi baraza likaketi. Ambilikile alipelekwa kwenye tanuri la matofali kusubiri, kama shahidi yeyote, akaitwa, akaulizwa.

"Nilikuwa nimesimama," alisema. "Nimeshika mhimili wa nyumba. Ilikuwa asubuhi, kuna ukungu. Nikasema mibuni yote ni ya mke wangu."

Wazee walitazamana. Mzee Nikodemo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu Ambilikile, tunashukuru kwa kufika kwako, maana si safari ndogo. Lakini tulikuwa na shuhuda nne zisizopatana. Sasa tuna tano."

"Tena," alisema Osea kwa upole, "urithi hufunguliwa na kifo, mdogo wangu, na wewe tulikuzika sisi wenyewe. Jembe moja nilishika mimi."

Tabita akasimama. Wanawake hawakuruhusiwa kusema pale bila kuitwa, lakini alisimama.

"Wazee wangu, Alhamisi mwalimu ametufundisha. Malaika mmoja, malaika wawili, na sote tunaamini. Kwa nini mashahidi wangu hawaaminiwi?"

Fanueli aliinamisha uso juu ya daftari la baraza. Mzee Nikodemo alilifikiria swali hilo kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu.

"Injili ni Injili, mama," alisema. "Kahawa ni kahawa."

Fanueli aliandika maneno hayo. Chini yake akaandika kwamba kesi imefungwa.

Mwezi wa saba kahawa iliiva. Osea alihitaji wachumaji, na hakuna aliyeijua mibuni ile kama Tabita, kwa hiyo Tabita alikwenda. Ambilikile alikwenda naye. Mtu aliyefufuka hula kama wengine. Walichuma mstari mmoja, huyu upande huu na huyu upande ule, vikapu vimefungwa kiunoni. Osea alipita akikagua, akasimama karibu yao, akalichunguza tawi moja.

"Hukuwa umesimama, Ambilikile," alisema. "Ulikuwa umelala kwa ubavu wa kushoto. Na mvua ilinyesha kidogo tu, ikakatika."

Ambilikile aliacha kuchuma. "Umejuaje?"

"Nilikuwa nyuma ya nyumba nakata kuni za kukupashia maji. Dirisha lilikuwa wazi. Ulisema mibuni yote ni ya Tabita, nikakusikia kama unavyonisikia sasa."

"Shemeji," Tabita alisema, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka, "mbona hukusema barazani?"

Osea alionekana kushangaa kidogo, na huo ndio mshangao pekee uliopata kuonekana Hasamba mwaka ule.

"Mimi ni mzee wa baraza, shemeji. Kazi yangu ni kusikiliza mashahidi." Aliliachia tawi likarudi mahali pake. "Chumeni nyekundu tu. Mbichi ziacheni."

Akaendelea na mstari uliofuata. Tabita aliweka mkono juu ya shina alilolipanda mwenyewe. Kisha akavuta tawi, akachuma nyekundu, mbichi akaziacha.