Mwenye Jina Hajaitika

Fomu ya kusajili mtoto ilikuwa na visanduku kumi na vinne, na kumi na vitatu kati ya hivyo vilikuwa na kazi. Kisanduku cha tisa kilisema: "Maana na asili ya jina la ukoo." Aliyekiweka pale hajulikani. Hakuna mkubwa aliyewahi kukisoma, wala mzazi aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu amekiacha kitupu. Karani wa dirisha la kwanza na wa dirisha la pili walikipiga mstari wakaendelea na maisha yao. Karani wa dirisha la tatu hakuweza. Kisanduku kitupu kilimsumbua kama jino bovu, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuacha hata kimoja.

Ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Kamusi.

Kwanza aliuliza, kwa adabu zote: "Jina lenu la ukoo lina maana gani?" Watu wengi hawajui. Jina wamelibeba tangu kuzaliwa, wamelitia sahihi kila mahali, lakini ukiwauliza maana yake wanatazama dari. Basi wao wakitazama dari, Kamusi aliwatazama wao. Akimwona baba anasinzia kwenye benchi, aliandika: "Waliokesha ili wengine walale." Wako maseremala wa familia moja, wagomvi kupindukia, aliowaandikia "Wapatanishi" kwa sababu siku hiyo alikuwa na njaa na hakutaka kelele. Miaka miwili baadaye mtaa wao ulikuwa ukiwapelekea kesi zake zote, na inasemekana walizimaliza vizuri.

Akishaandika, maana ilinakiliwa nyuma ya cheti, mhuri ukagongwa, kisha akasimama na kuliita jina zima la mtoto kwa sauti. Mzazi akiitika "Yupo", anakabidhiwa. Ndivyo utaratibu ulivyotaka. Watu walitoka pale wamenyoosha mabega. Kamusi hakuona kwamba anadanganya. Shimo lilikuwepo, naye alikuwa na kiraka.

Jambo jingine la kujua kumhusu ni kwamba alifika kazini nusu saa kabla ya mlango kufunguliwa, mvua inyeshe au jua liwake, akasimama nje na mfuko wake. Na nyumbani kwake mtu akiitwa, huitika hapo hapo. Kuitwa mara ya pili kulikuwa utovu wa adabu. Kuitwa mara ya tatu hakukuwahi kutokea. Hivyo ndivyo baba yake alivyomlea, na baba yake alilelewa hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu.

Jumanne moja asubuhi, binti yake wa pekee alitokea dirishani, mtoto mgongoni. Binti huyu alikuwa fundi wa lifti, kwa sasa yuko likizo ya uzazi. Baba wa mtoto alitoka kwenda kununua betri ya simu miezi saba iliyopita, na mpaka siku hiyo alikuwa hajapata saizi yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Foleni umeiona?"

"Nimeipanga. Zamu yangu imefika."

Akaweka nakala mbili za vyeti juu ya meza. Alieleza bila haraka, kama anayesoma orodha ya vipuri. Wiki iliyopita alipita karakana kuwaonyesha wenzake mtoto. Karakana ile ina mafundi wawili wenye jina moja la ukoo, ambao hawana undugu wowote. Mazungumzo yakaingia kwenye majina. Mmoja akasema la kwao maana yake ni "Wanaoamka kabla ya jogoo." Mwenzake akasema wewe umepotea, maana yake ni "Wasioamshwa na kelele." Wakabishana nusura washikane mashati, na kesho yake kila mmoja akaja na cheti chake.

"Jina moja, Baba. Maana mbili. Mwandiko mmoja."

Kamusi alizitazama nakala. Alimkumbuka yule wa pili. Alikuwa mtoto mwenye usingizi mzito ajabu, mhuri uligongwa karibu na sikio lake asitikisike.

Siku za mwizi ni arobaini. Kamusi alikuwa amepewa miaka thelathini na mmoja, hakuwa na la kulalamikia.

"Na letu?" binti aliuliza.

"Letu limefanyaje?"

"Wasiorudi nyuma."

Alikuwa na miaka saba alipoambiwa maana hiyo. Alikuwa amepanda ngazi ya mbao kufuata mpira uliokwama juu ya paa, akapita katikati, akaganda. Baba yake akamwambia kutoka chini: jina letu maana yake ni wasiorudi nyuma, panda. Akapanda.

"Miaka tisa nafanya kazi ndani ya mashimo ya lifti," alisema. "Ghorofa kumi na nane, chini yangu hakuna kitu. Nikitetemeka najikumbusha jina. Ulilitoa wapi neno lile?"

Uongo ulikuja wenyewe, mzuri, umekamilika, Kamusi akaumeza.

"Ngazi ilikuwa inatikisika," alisema mwishowe. "Juu kulikuwa karibu kuliko chini."

Binti hakupandisha sauti. Kamusi angependa apandishe.

"Sikiliza, Baba. Ijumaa muda wa kumsajili unakwisha. Niletee ukweli wa jina hili, hata kama unanuka. Ukiukosa, mtoto ataandikwa jina la baba yake. Yule ni mkimbizi wa betri, sawa, lakini jina lake angalau najua nimelipata kwa nani."

Akaondoka. Kamusi hakuwa na mtoto mwingine, wala ndugu wa kiume. Jina likikataliwa pale dirishani, lingekufa pamoja naye, na yeye ndiye angekuwa karani wa msiba huo. Iliuma, wala hakujidanganya kwamba haiumi. Akaita: "Anayefuata!" Siku ile aliacha visanduku vinane vitupu, mpaka karani wa dirisha la pili akamuuliza kama anaumwa.

Mtu pekee aliyebaki wa kuulizwa alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwenye miaka themanini na kitu. Aliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, akishona vifungo vya nguo za watu. Sikio lake la kushoto lilikuwa zima au bovu kutegemea anayezungumza. Kamusi alikwenda Jumatano baada ya kazi, akakaa upande wa kulia ili kusiwe na visingizio.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umekonda. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kuuliza jina letu lina maana gani."

Shangazi alikata uzi kwa meno, akaweka sindano kwenye mto wake.

"Miaka sabini nasubiri mmoja wenu aniulize," alisema. "Baba yangu aliniambia, asiyeuliza asiambiwe. Ukoo mzima mmekuwa hodari wa kuitika tu. Kuuliza, hakuna."

"Si nimeuliza?"

"Ndiyo, na umechelewa. Maana yake siijui. Si letu."

Nje mtu alikuwa anapigilia soli, kidogo kidogo.

Shangazi akasimulia. Baba yake, yaani babu wa Kamusi, alikuja kutafuta kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kila asubuhi msimamizi alitoka langoni na orodha, akasoma majina. Ukiitika, unaingia. Ukiitwa mara tatu kimya, nafasi yako imekwenda. Jina la babu halikuwa kwenye orodha. Alisimama pale langoni siku kumi na mbili, na nyumbani kulikuwa na watoto watatu waliokuwa wakimtazama mikononi kila akirudi.

"Siku ya kumi na tatu msimamizi akaita jina," alisema Shangazi. "Hili hili. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ya tatu, baba yangu akasema: Nipo."

"Akaingia?"

"Akaingia. Nusu saa baadaye mwenyewe akafika."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye jina! Anahema, kiatu kimeachia soli njiani, amekishika mkononi. Akakuta jina lake liko ndani linafanya kazi. Walitazamana kwenye uzio. Baba alikuwa na ubao begani. Aliniambia alifungua mdomo aseme, ndugu, nafasi ni yako. Lakini ubao ulikuwa mzito, na nyumbani tulikuwa watatu. Akafunga mdomo. Yule mtu hakusema neno. Akageuka, akarudi alikotoka."

"Akarudi nyuma," alisema Kamusi.

"Sasa ulitaka aende wapi?"

Kamusi aliangalia mikono yake. Ilikuwa na wino, kama kawaida.

"Na jina la zamani la babu?"

"Alikataa kulitaja. Alisema jina lililokosa kazi siku kumi na mbili lina haki ya kupumzika." Shangazi akachukua tena sindano. "Tangu siku ile, miaka ishirini na sita, alifika langoni nusu saa kabla ya wote. Watu walimsifu, mchapakazi huyo. Mchapakazi gani? Alikuwa anamngoja yule mtu. Na kwetu, ole wako uitwe usiitike. Angekuja juu kama moto. Aliona kwa macho yake kinachompata anayechelewa kuitika."

"Yule mtu angerudi, babu angempa nafasi yake?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo."

"Akasemaje?"

"Akanituma maji."

Alhamisi Kamusi aliweka fomu ya mjukuu wake mezani na kujaza visanduku vinane kwa dakika nne. Kwenye cha tisa kalamu ilisimama. Alikuwa na maana tayari, nayo ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuandika: "Wanaosubiri langoni." Kilichomtia kishawishi zaidi ni kwamba ilikuwa karibu iwe kweli. Angeweza kuiandika, binti angelia kidogo, jina lingeendelea kuishi, na yule mtu wa kiatu angebaki nje ya uzio kama alivyozoea. Kamusi alikaa na kalamu hewani mpaka wino ukakauka kwenye ncha. Kisha akapiga moyo konde, akaandika maneno machache, akanakili nyuma ya cheti.

Ijumaa binti alifika wa kwanza. Walikutana nje, mlango haujafunguliwa, wakasimama pamoja. Mtoto alikuwa macho.

Ofisi ilipofunguliwa, Kamusi alizunguka, akaingia dirishani kwake, akatelezesha cheti kwa upande wa nyuma. Binti akasoma.

"Maana haijulikani. Jina hili ni la mtu aliyechelewa kazi kwa sababu ya kiatu. Babu yetu aliliitikia na hakulirudisha. Mwenyewe au watu wake wakitokea, waulize dirisha la tatu."

Akasoma tena toka mwanzo. Kamusi akamsimulia yaliyobaki: uzio, yule mtu aliyegeuka akarudi alikotoka, na babu aliyemngoja langoni nusu saa kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita. Kamusi aliogopa, kwa namna ambayo hajawahi kuogopa mbele ya mkubwa yeyote wa ofisi ile. Hakuwa na kiraka kingine.

"Kwa hiyo aliyerudi nyuma," binti alisema, "ndiye mwenye jina."

"Ndiye."

"Na ile nusu saa yako ya kila asubuhi?"

"Nilidhani ni tabia yangu."

Binti alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kanga. Alikuwa analia bila kufanya uso wa kulia, machozi yanapita tu.

"Mtoto atachukua jina la wizi," alisema.

"Unaweza kukataa. Fomu nyingine ipo hapa. Nitaijaza mwenyewe, sitasema neno."

"Baba yake kakimbia na jina lake. Babu yako kabaki na la mwenzake, halafu kakaa mlangoni miaka ishirini na sita." Alifuta mashavu kwa kiganja. "Ngazi ile nilipanda, Baba. Sikupandishwa na jina, basi nilipandishwa na wewe. Gonga mhuri. Tutalitunza mpaka waje."

Kamusi akagonga. Akasimama, akashika cheti kwa mikono miwili, akaliita jina zima la mjukuu wake.

Kimya.

Alimtazama binti yake. Huyu tangu ajue kusema hajawahi kuachia mwito upite. Alikuwa amesimama wima, midomo ameifunga, na hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama mlango. Kamusi akaelewa anamngoja nani.

Akaita mara ya pili. Karani wa dirisha la pili akainua kichwa. Watu kwenye benchi wakaanza kutazamana. Mlango ukafunguka, akaingia mzee mmoja mwenye fimbo. Akasimama, akawatazama wote waliokuwa wakimtazama, akauliza choo kiko wapi. Akaelekezwa.

Kamusi akaita mara ya tatu, polepole, kwa sauti ya kumfikia mtu aliye mbali barabarani. Wakamngoja.

"Yupo," alisema binti, akanyoosha mkono kupokea cheti.