Walioondoka Rehobothi

Rulon Stagg alikuwa amebakiza safu moja ya mawe kumaliza nguzo ya ukumbusho ya Rehobothi, na kwa kweli hakutaka imalizike. Kesho yake watu wangejaa pale jangwani na viti vyao vya kukunja, wavue kofia, waombe, kisha kitambaa kivutwe na bamba la shaba lisomwe kwa sauti. Rulon alijua, au alidhani anajua, bamba hilo lingesema nini kuhusu ukoo wake.

Habari yenyewe huku kusini mwa Utah, Marekani, watoto huinyonya na maziwa. Zamani Nabii wa Wamormoni, mkuu wa kanisa lao, aliziita familia tano kwa majina, akazituma zikalime pamba kando ya mto huu wa matope, mahali walipopaita Rehobothi. Ukiitwa, umeitwa. Huondoki mpaka barua ya Nabii ije ikuruhusu, hata mto ukibomoa bwawa lako na chumvi ikiunguza mazao. Amasa Stagg, baba wa babu yake Rulon, hakungoja barua. Alfajiri moja alipakia mke na watoto kwenye gari la ng'ombe, akaenda zake.

Tangu hapo, mtu akichomoka ibadani kabla ya wimbo wa mwisho, husemwa kafanya ya Stagg. Watu hucheka, na akina Stagg hucheka nao, maana wafanye nini? Lakini Rulon, na umri wake wote wa miaka sitini na minane, hakuwahi kuona kichekesho chenyewe. Baba wa mchumba wake wa kwanza alimuuliza mezani, mbele ya wageni, kama atamtelekeza binti yake mto ukifurika. Mchumba alicheka kuliko wote. Ndiyo maana alikuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho.

Basi kwa nini alikubali kujenga? Kwa sababu aliombwa na Dada Thelda Cragun, maana kanisani kwao wote huitana Kaka na Dada, na Dada Thelda haombi mara mbili. Ndiye mwenyekiti wa kina mama wanaoweka kumbukumbu za waanzilishi, karibu anafika miaka tisini, na ukoo wake ndio unaoringia uvumilivu kuliko koo zote.

Jioni alifika mwenyewe, pikapu yake ikitambaa katikati ya barabara kama kawaida, bamba likiwa limelazwa nyuma juu ya blanketi. Rulon alilishusha, akaliegemeza kwenye nguzo uso ndani, akaanza kukoroga saruji kwa bidii isiyohitajika.

"Hulisomi?" Dada Thelda akauliza.

"Kazi yangu kulipachika tu, Dada."

"Hebu lisome, Kaka Rulon. Magoti yananiuma, sina muda wa kukubembeleza."

Akaligeuza. Familia za Rehobothi: Cragun, Ipson, Lufkin, Pectol, Stagg. Walilima hapa, walizika watoto wao hapa, wakaondoka. Basi. Alilisoma tena akitafuta sindano ilipofichwa, asiione. Akasema wamekosea kuandika kana kwamba wote waliondoka, watu watacheka, na shaba haifutiki.

Dada Thelda akapindua ndoo, akaikalia, akamsimulia. Kina mama walikutana kutunga maneno ya bamba, wakataka kuandika ni familia gani iliyopokea barua ya Nabii. Wakaulizana. Dada Pectol akasema si wao, kwao husimuliwa waliondoka kesho yake baada ya Stagg. Dada Ipson akatua bilauri yake mezani, akakiri kwamba hata kwao husimuliwa hivyo hivyo. Dada Lufkin akawa mwekundu shingo nzima. Kila nyumba ilikuwa imeificha aibu yake chini ya mkeka, ikidhani waliobaki ni wale wengine.

"Na nyinyi je?" Rulon akauliza polepole.

"Sisi?" Dada Thelda akakung'uta vumbi kwenye sketi. "Bibi yangu alikuwa mtoto garini. Alisema walifuata vumbi lenu, lilikuwa bado halijatua. Barua ilipofika, Kaka, haikukuta hata kuku."

Rulon akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akajikuta analia, na wala hakuona haya kulia mbele ya yule bibi. Alijisikia mwepesi. Mzigo aliotwishwa kabla hajazaliwa ulikuwa umeshuka, na hakuna aliyekuwa amekufa wala kugombana.

"Kesho utalisoma wewe," Dada Thelda akamwambia, akainuka kwa kushika bega lake. "Sasa pachika."

Asubuhi watu walifika na viazi vya jibini na jeli ya kijani yenye karoti, kama kwenye kila sherehe ya kanisa. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka, na watu wazima walisalimiana kwa uchangamfu wa wanafunzi waliokamatwa darasa zima. Waliimba, wakaomba, kitambaa kikavutwa. Rulon akavaa miwani. Akasoma Cragun, akasoma Ipson, Lufkin na Pectol, na alipofika jina la mwisho sauti ikamkwama. Akakohoa, akajaribu tena, wapi.

Katika mstari wa nyuma akasimama Lavar Cragun, mpwa wa Dada Thelda, ambaye tangu shule ya msingi ndiye aliyekuwa bingwa wa kuwatania akina Stagg. Alikuwa ameikunja kofia yake mikononi.

"Chukua muda wako, Kaka," akasema. "Hatuondoki."

Rulon akalisoma.