Aproni Iliyokaliwa

Simu ya shemeji ilipoingia, Mama Geji alikuwa anaziba pancha ya baiskeli. Aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia tena, akaiacha tena. Miezi minane ameingoja simu hiyo, kwa hiyo dakika mbili tatu za kumchemsha mtu hazikuwa kitu. Ya tatu ndiyo akapokea.

"Shemeji, nisaidie. Mkono wa kuchimbia mitaro hauna nguvu. Mnyororo ukiwa hewani unazunguka vizuri tu, ukigusa udongo unakufa. Na mhandisi wa maji anakuja saa kumi. Asipoukuta mtaro umefika kwenye tangi, kazi anampa mwingine."

"Kwani mafundi wako wameisha?"

"Wamekuja wawili. Wote wanasema pampu."

"Pampu tena? Ile mpya?" Mama Geji akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha heri hata kidogo.

Huyu shemeji alikuwa mume wa dada yake mkubwa, na Mama Geji ndiye aliyekuwa fundi wake. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kutoka nyumbani bila geji yake ya kupimia presha ya mafuta. Pampu ya zamani ya katapila ilipokufa, aliomba jambo moja tu: aifungue kapla, kile kiungio cha chuma kinachounganisha mpira wa mafuta wa mashine na ule wa mkono wa kuchimbia. Shemeji hakutaka hata kusikia. Mbele ya wafanyakazi wote alisema fundi kaua pampu kwa mafuta machafu, akamwamuru avue aproni, akaitupa kwenye kiti cha katapila, akamwonyesha geti. Kama mwizi wa kuku! Tangu hapo, kila alikokwenda kuomba kazi, maneno ya shemeji yalikuwa yameshatangulia. Mikono iliyozoea kufungua mota ikaishia kwenye pancha.

Na aliyeiua pampu, Mama Geji alikuwa anamjua. Yadi nzima ilimsikia kila asubuhi: ko, ko, ko. Mashine ikizimwa, presha hubaki imefungiwa ndani ya mipira, na kapla hazikubali kuingia. Unachezesha vishikio vya dereva, unasubiri presha itoke, basi. Lakini shemeji na kusubiri, wapi na wapi! Yeye alizigonga kwa nyundo mpaka zikaingia kwa lazima.

Mama Geji alifika saa saba na nusu, mwendo wa mtu anayekwenda harusini. Wafanyakazi walikuwa wamekaa juu ya mabomba, walewale wa siku ile. Dereva alipomwona aliinamisha uso. Kwenye kiti cha katapila, chini kabisa, Mama Geji aliiona aproni yake imekunjwa ikawa mto. Miezi minane wanaikalia! Akafungua begi.

"Macho yangu leo yanasumbuliwa na jua," alisema. "Nataka mtu wa kunisomea geji."

Dereva akainuka.

"Si wewe, mwanangu. Mwenye mashine."

Shemeji akasogea, jasho likimtiririka.

"Mafuta haya nani aliweka?"

"Mimi mwenyewe. Masafi kabisa, nimefungua kopo jipya."

"Mmesikia, jamani? Masafi." Akafunga geji upande wa pampu, dereva akawasha. "Soma. Kwa sauti."

"Mia mbili na kumi."

"Inatakiwa ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Basi pampu ni nzima. Hao mafundi wako Mungu awasamehe." Akaihamishia geji kwenye mpira unaorudisha mafuta, mnyororo ukizunguka hewani. "Soma tena."

Shemeji alisoma kwa sauti ya chini mno.

"Wa nyuma hawajasikia."

"Themanini!"

"Lo!" dereva akaropoka. "Hapo si hata ishirini haitakiwi kufika?"

Mama Geji akaamuru injini izimwe, vishikio vya dereva vichezeshwe. Halafu akasubiri. Alisubiri makusudi, mikono kiunoni, akimwangalia shemeji usoni. Kisha akaichomoa kapla kwa vidole tu, akaizungusha mbele ya watu. Mdomo ulikuwa umepondeka kwa nyundo, na valvu ya ndani imekwama nusu.

"Mafuta yanakwenda, kurudi hayawezi. Mota ya mnyororo inasukuma mlango ambao mtu kasimama nyuma yake. Itapata wapi nguvu? Na mafuta yanachemka, na pampu inakufa. Huu mkono ndio uleule uliokuwepo pampu ya zamani ilipokufa. Umenunua pampu mpya, muuaji ukamwacha palepale."

"Shemeji," alinong'ona yule bwana, "tuongee pembeni."

"Pembeni? Mimi ulinifukuzia pembeni?"

Akatoa mfukoni kapla mpya, bado ina karatasi yake. Alijua ugonjwa tangu kwenye simu. Safari yote hii aliifanya kwa ajili ya kusomewa geji. Saa ilikuwa nane na nusu.

"Sema nani aliua pampu."

Mama Geji moyo ulimwuma kidogo akimfikiria dada yake, ambaye angezisikia habari hizi kabla ya magharibi. Kidogo tu.

"Mimi," shemeji akasema. "Niliiua mimi, kwa nyundo. Fundi hakuwa na kosa."

"Na aproni yangu. Kwa mikono miwili."

Akapanda mwenyewe kwenye katapila, mtu mzima na kitambi chake, akaivuta aproni chini ya kiti, akaikung'uta, akaileta kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Mama Geji aliivaa ikiwa chafu hivyohivyo, akafunga kapla mpya kwa dakika tano. Dereva akashusha mnyororo, nao ukautafuna udongo bila kusita.

"Nisamehe, shemeji," yule bwana alisema, sura imelegea kwa raha ya kuokoka. "Kesho uje kazini. Nafasi yako ipo."

Mama Geji alifuta geji yake kwa pindo la aproni, akairudisha begini na kufunga zipu.

"Kazini?" alisema. "Mimi nilifuata aproni."