Hereni Kwenye Gunia

Sironka alimwambia mama yake, Nosim, kwamba zile hereni anazitaka kwa siku mbili tu. Azichore, azirudishe. Nosim akazivua, akarudi kwenye maziwa yake kule Endulen na masikio matupu. Mtu mzima na akili zake! Lakini angemnyima vipi mwanawe?

Huko Karatu Sironka, fundi wetu wa picha, alikuwa amewamba gunia la ngano ya Mbulumbulu kwenye fremu. Akambandika mama kwa vipande vya shuka kuukuu na karatasi za majani ya chai, uso akaupaka rangi za mafuta alizoachiwa na mwalimu Mdenmarki. Masikio yakamshinda. Akaona tabu ya nini, akazigandisha hereni zenyewe kwa gundi ya seremala. Picha ikapumua. Siku mbili zikawa miezi miwili.

Sasa, mke wa Kimaasai havui hereni zile za shaba mumewe akiwa hai. Akizivua, amefiwa. Basi wazee wakaja kutoa pole, wakamkuta marehemu, mzee Moloimet mume wa Nosim, amekaa juani anajikuna mgongo. Wao walicheka. Yeye hakucheka.

"Aliyenizika asinipe maziwa," alisema, na kila asubuhi kibuyu cha Nosim kikarudi kimejaa.

Nosim akapanda lori la mahindi hadi Karatu.

Picha ilikuwa imetundikwa sokoni, dukani kwa Seif, juu ya kanga zake za kuuza. Sironka alikuwa hapo na suruali yake ya bugaluu, pana miguuni, na kofia ya sufu iliyofunika masikio, maana hapo alijiita mtu wa Arusha mjini.

"Fundi, hujaniambia," Seif alisema. "Bibi huyu ni nani?"

"Simjui. Nilimwona njiani tu."

"Njiani? Mbona amesimama mlangoni?"

Nosim alikuwa ameshasikia. Akaitazama picha, kisha Seif. "Ni kweli, baba. Mimi ni wa njiani tu. Nimefuata hereni zangu."

Sironka alitamani sakafu immeze, bugaluu na mwenyewe. Akachukua kisu, akazibandua. Gundi ya seremala haina huruma. Gunia likachanika, masikio yakatoka nazo.

"Unaiharibu, wewe!" Seif akapiga kelele.

"Ni mama yangu."

"Nani?"

"Huyu. Yeyo wangu." Akavua kofia. Masikio yake marefu, yaliyotobolewa utotoni, yakaning'inia mbele ya wateja. Seif, mtani wa soko zima, akaanza kukunja kanga zilizokwisha kunjwa.

Sironka akainamisha kichwa kama mtoto wa Kimaasai anayengoja salamu ya kuguswa kichwani na mkubwa wake. Mkono haukuja.

"Hicho kichwa kipeleke kwanza kwa baba yako," Nosim alisema, akivaa hereni. Moja ilikuwa na doa la bluu. "Ukamwambie nani alimzika."

Sironka akamfuata kwenye lori, kofia mkononi. Lori likaanza kupanda Ngorongoro. Kila lori liliporuka shimo, hereni ziligongana, naye aliinamisha kichwa tena, akingoja mkono.