Latu Haihami

Hilla alikuwa anaandika programu ileile kwa mara ya tatu, na alishaanza kuchoka mpaka vidole. Si kwamba aliichukia. Programu yenyewe, Latu, aliipenda kama mtu anavyopenda mbwa wake. Unaifungua tu kwenye simu inakuonyesha njia za skii, za kuteleza juu ya theluji, za mji mzima wa Oulu: ipi mashine imeshapita kuisawazisha asubuhi hii, ipi bado theluji tupu, ipi imeharibiwa na watu wanaotembea juu yake na mabuti kama hawana akili.

Shida ilikuwa simu zenyewe. Mji ulikuwa na simu za aina tatu, na kila aina ina mfumo wake, na kila mfumo una lugha yake, duka lake la programu na masharti yake. Ukihamisha kitufe kimoja kutoka kushoto kwenda kulia, unakihamisha mara tatu. Na ukimaliza wa tatu, wenye ule wa kwanza wameshabadilisha mambo huko kwao, unaanza upya. Vijana walikuwa na Orka. Wenye nazo walikuwa na Meridian, kioo kitupu mbele, kinang'aa. Waliobaki walikuwa na Pohja, simu za vitufe za hapahapa, zilizotengenezwa na nusu ya mji kabla kiwanda hakijafungwa. Pohja ilikuwa inakufa, hilo hakuna asiyelijua. Ila ilikuwa inakufa polepole, bado iko mifukoni mwa watu.

"Kesho Mswidi anakuja," bosi wake Oiva alimwambia. Oiva alikuwa injinia wa Pohja miaka na miaka. Kiwanda kilipomtema akafungua ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la baiskeli, akamchukua Hilla.

"Mswidi gani tena, mzee?"

"Wa Meridian. Anataka kutuweka dirishani."

Dirishani maana yake ukurasa wa kwanza wa duka lao, ule ambao kila mwenye Meridian anauona akifungua simu. Watu wanaota usingizini kuwekwa pale.

"Kwa sharti gani?"

Oiva akakuna shingo. "Sharti tutalisikia."

Mswidi mwenyewe aliitwa Henning Ahlgren. Shati la bluu, meno mengi, kachangamka kuliko ofisi nzima. Oiva alikuwa amemwita pia Lahja, mama yake Hilla, maana Lahja ndiye anayeendesha mashine ya manispaa inayosawazisha njia. Akimaliza njia moja anabonyeza kitufe kwenye Pohja yake, na Latu inajua. Basi wakakaa wanne mezani, kahawa na maandazi ya iliki, Henning akaongea.

Akaongea vizuri, hilo Hilla hakulikana. Akachora mistari inayopanda. Kisha akatoa sharti: miaka miwili, Latu iwe ya Meridian peke yake. Ile ya Orka ifutwe, ile ya Pohja ifutwe. Madereva wa mashine watapewa simu mpya, zawadi.

"Anayetaka njia nzuri za skii atajua simu ya kununua," akasema, akacheka. "Kuna mwenye neno?"

Kimya.

Oiva aliangalia ndani ya kikombe. Lahja aliangalia dirisha. Hilla aliangalia kiatu cha Henning. Kimya kikakaa pale mezani, kizito, mpaka ukasikia mtu chini anajaza upepo tairi la baiskeli. Kwa mtu wa Oulu hapo umeshajibiwa. Huwezi kumwambia mgeni hapana wakati kahawa yako bado iko kwenye kikombe chake, kwa hiyo unanyamaza, na yeye anaelewa, anakunja karatasi zake, mnaanza kuongelea baridi.

"Safi sana!" akasema Henning. Akanyanyuka, akampa kila mtu mkono. Nao wakaushika, maana mtu akikunyooshea mkono utafanyaje?

Alipoondoka Lahja akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Ameipokea vizuri hapana yetu."

Siku chache baadaye tangazo likatoka. Meridian nzima ilikuwa inashangilia: Latu inahamia kwao, kwao tu. Jumamosi kutakuwa na sherehe pale kituo cha skii, mkataba utatiwa saini mbele ya watu, na binti aliyeiandika Latu atabonyeza kitufe cha kufuta zile nyingine mbili.

Oiva alisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Lakini tulikataa!"

"Tulikataa vipi, mzee? Nani alifungua mdomo?"

"Si tulinyamaza! Wote!"

"Basi mpigie umwambie."

Oiva hakupiga. Alizunguka ofisini, akamwagilia ua ambalo alikuwa ameshalimwagilia, na taratibu Hilla akamuona anaanza kulainika. "Unajua, labda ndivyo ilivyopangwa. Orka na Pohja zitatupeleka wapi? Na we mwenyewe si ndiye unalia kila siku, naandika mara tatu, naandika mara tatu. Sasa utaandika mara moja. Utalala kama binadamu."

Hapo alimpata Hilla. Maana ni kweli alikuwa analia kila siku, na kweli alitaka kulala kama binadamu. Akavaa koti, akachukua Meridian ya ofisi ya kufanyia majaribio, akaenda kwa mama yake kwenye mashine.

Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Walimaliza njia ya kwanza, mashine ikasimama.

"Haya mama, jaribu na hii."

Lahja akaichukua na glavu zake nene, akagusa kioo. Kimya. Akagusa tena, akakisugua, akakipiga kama anagonga mlango wa jirani. Hakuna kitu. Akavua glavu, akalaani, akagusa kwa kidole, na kabla hajamaliza simu ikazimika yenyewe kwa baridi.

"Mwambie Mswidi wako atuletee na hali ya hewa ya kwake."

"Mama, usicheke. Jumamosi nafuta ya kwako."

"Utafuta?"

"Oiva anasema—"

"Sijauliza Oiva anasemaje. We mtoto vipi? Wewe ndiye uliyeiandika."

Wanafunzi wa shule wakapita wanateleza kwa mstari, simu za Orka zimefungwa mikononi. Nyuma yao mzee mmoja na mkewe, wamesimama wanasoma Pohja yao kwa pamoja, vichwa vimegusana. Hilla akahisi hasira inampanda taratibu, na haikuwa hasira ya glavu. Theluji ni ya mji. Mashine ni ya mji. Sasa mtu akae Stockholm aamue kwamba ukitaka kujua theluji ya kwenu imesawazishwa wapi, ununue kwanza simu ya kwake? Kwani nani kamuuzia?

Jumamosi watu walijaa. Supu ya mbaazi ilikuwa inagawiwa bure, ndiyo maana. Henning akapanda jukwaani, akaongea, meno yote nje, akampa Hilla kipaza sauti. Mezani kulikuwa na mkataba na kompyuta, na kwenye kompyuta kitufe chekundu. Oiva alikuwa amesimama chini na bakuli la supu, haonji.

"Hapana," akasema Hilla.

Henning akainamisha kichwa, bado anatabasamu. "Samahani?"

"Hapana. Latu haihami. Itakaa kwenye simu zote au itakaa bila ninyi."

"Lakini mlikubali!"

"Tulinyamaza."

"Ndiyo, mlinyamaza!"

"Watu watatu, bwana, mbele ya kahawa. Ulitaka tupige kelele kiasi gani?"

Umati ukaangua kicheko. Wazee wenye kofia za sufu walicheka mpaka supu ikamwagika. Henning akawa mwekundu kuliko kitufe. Akasogea karibu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Sikiliza, binti. Tutaitoa dukani kwetu. Yote. Jumatatu haipo."

"Itoeni."

"Wateja wetu watakosa njia."

"Mtawaeleza ninyi kwa nini." Akaubandua mkono wa Henning kwenye kipaza sauti, kidole kimoja kimoja. "Mtaweza?"

Akashuka. Akaenda mpaka aliposimama Oiva. Oiva akamtazama.

"Umetufilisi," akasema.

"Pengine."

"Pengine," Oiva akakubali, akaanza kula supu.

Jumatatu Latu haikuwepo kwenye duka la Meridian, kama walivyoahidi. Hilla hakushangaa. Jumapili nzima alikuwa anaiandika tena, mara ya nne sasa, lakini safari hii bila kumwomba mtu ruhusa: ukurasa wa kawaida wa mtandao, unafunguka kwenye simu yoyote, hauhitaji duka. Ulikuwa mbaya. Ramani ilikaa upande, herufi kubwa kama za kufundishia watoto. Oiva aliuangalia, akavuta kiti, akaanza kunyoosha ramani.

Simu ya ofisi ikalia. Hilla akapokea: mama mmoja mstaafu, na amekasirika.

"Nimefungua simu yangu Latu haipo! Mimi nimewakosea nini? Nilipewa hii simu na mwanangu, sikuichagua!"

"Hujakosea kitu, mama. Usikate. Fungua pale unaposomea habari. Juu kabisa, andika ninavyokutajia."

Akamtajia herufi moja moja. Mama akakosea, wakarudia. Akakosea tena, akamlaumu mwanawe, wakarudia.

"Imefunguka. Mungu wangu, sura gani hii!"

"Najua."

"Njia ya Hietasaari, mashine imepita?"

Hilla akaangalia. "Imepita sasa hivi."

"Basi naenda," akasema mama, akakata.

Hilla alipoiweka tu chini, simu ikalia tena.